Mdomo ni wa Nani? Vyama vya Wataalamu wa Magonjwa ya Kinywa na Swali la Songambele

Mkulima wa kahawa wa Songambele, wilayani Kyerwa, akitokwa na kidonda pembeni mwa ulimi kikakaa mwezi mzima bila kupona, ana mlango mmoja wa kuanzia: zahanati. Hapo atapewa dawa ya kusukutua, pengine na vidonge. Kisipofunga ataambiwa aende kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya au ile ya Nyakahanga upande wa Karagwe, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na mwisho Bugando, Mwanza, upande wa pili wa ziwa. Kila hatua ina nauli, chakula cha ndugu anayemsindikiza na siku za shamba zinazopotea. Na njiani huzuka mashauriano yaleyale: apelekwe chumba cha meno au kwa daktari wa upasuaji? Wa meno anakagua, anakuta meno mazima. Wa upasuaji anasikia neno mdomo, anasema hilo ni la wa meno.

Mashauriano hayo hayakuanzia Kagera. Yana umri wa zaidi ya karne moja na nusu, na ndiyo yaliyozaa vyama vya kitaaluma vya fani mbili zinazopakana. Ya kwanza ni tiba ya magonjwa ya kinywa, inayomshughulikia mgonjwa kwa uchunguzi na dawa zaidi kuliko kwa kisu. Ya pili ni patholojia ya kinywa, inayosoma nyama ya mdomo chini ya darubini na kuupa ugonjwa jina. Leo vyama hivyo vipo Marekani, Uingereza, Ulaya nzima na Asia, na kipo cha kimataifa. Afrika Mashariki haina chama kikubwa cha namna hiyo, na wapo wanaoona hilo ni pengo la kuzibwa haraka.

Historia inashauri tusikimbilie huko. Vyama hivyo viliundwa ili kuunganisha kilichokuwa kimetenganishwa na vyuo na sheria za Ulaya na Marekani. Thamani yake ipo katika kazi tatu: kukubaliana majina ya magonjwa, kuthibitisha nani anafaa kuyasoma, na kuhakikisha sampuli ya mgonjwa inamfikia msomaji huyo. Palipo na kazi hizo, jina la chama ni jambo dogo. Pasipo nazo, chama ni muhuri na mkutano wa mwaka.

Vyuo viwili, mdomo mmoja

Mwaka 1840 kilifunguliwa Baltimore, Marekani, chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno, nje kabisa ya shule za utabibu. Faida ilionekana mapema: meno yakapata wataalamu, vitabu na vifaa vyake. Hasara ilichelewa. Tabibu aliweza kuhitimu bila kujua mdomo zaidi ya kumwambia mgonjwa atoe ulimi, na daktari wa meno aliweza kuzeeka akiziba na kung'oa bila kuulizwa habari za damu, ngozi wala tezi.

Wapo waliovuka ua huo. Jonathan Hutchinson, daktari wa upasuaji wa London katika karne ya 19, alionyesha kwamba kaswende anayozaliwa nayo mtoto huacha alama kwenye meno yake ya mbele, na alama hiyo ikabaki na jina lake hadi leo. Mwaka 1910 William Hunter, tabibu mwingine wa London, alihutubia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akidai kwamba usaha unaofichwa chini ya meno yaliyofunikwa vibaya hueneza maradhi mwilini. Hotuba ile iliwaponza wengi, kwa sababu kwa miaka iliyofuata watu waling'olewa meno mazima kwa kisingizio cha kutibu viungo na matumbo. Hata hivyo iliwabana madaktari wa meno wajibu kwa ushahidi, kwa eksirei, kwa utafiti wa bakteria na kwa vipande vya nyama vilivyosomwa kwa darubini.

Vyama vya jumla vilikuwapo tayari. Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno, FDI, lilizaliwa Paris mwaka 1900. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Meno, IADR, kilianzishwa New York mwaka 1920. Cha kwanza kilishughulikia hadhi ya kazi, cha pili utafiti wa maabara. Kidonda kisichopona hakikuwa ajenda kuu ya chochote kati ya hivyo viwili.

Baada ya vita

Vyama vya fani zenyewe vilikuja mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1945 Wamarekani waliunda chama cha tiba ya kinywa. Mwaka 1946 wenzao wa darubini wakaunda cha patholojia ya kinywa. Mwaka 1948 ilianzishwa bodi ya kuwatahini wataalamu wa patholojia hiyo, na mwaka huohuo likatoka jarida lililoweka chini ya jalada moja upasuaji, tiba na patholojia ya kinywa, mhariri wake akiwa Kurt Thoma.

Fani hizi pacha hazikukua kwa kasi moja. Patholojia ya kinywa ilitambuliwa mapema kuwa ubingwa rasmi. Tiba ya kinywa ilisubiri hadi Machi 2020 kupata hadhi hiyo Marekani, miaka 75 baada ya chama chake kuundwa. Tofauti ilikuwa katika kinachoonekana. Mtaalamu wa patholojia ana kitu cha kuweka mezani: ripoti yenye jina la ugonjwa na sahihi yake, na akikosea kosa linaonekana. Mwenye tiba ya kinywa hutibu vidonda vya mara kwa mara, ukavu wa mdomo, ulimi unaowaka moto na maumivu ya uso, mambo ambayo daktari wa ngozi, wa mishipa ya fahamu na wa masikio, pua na koo kila mmoja anaweza kudai ni yake. Chama chake kilitumia miongo saba kuthibitisha kwamba ana kazi ambayo majirani hao hawaifanyi, au hawaifanyi vizuri.

Kilichovipa vyama hivi uzito zaidi ya mitihani na majarida ni desturi ya kusoma slaidi kwa pamoja. Mwanachama huleta kisa kigumu. Wenzake hupewa slaidi bila kuambiwa jibu. Kila mmoja huandika anachokiona. Kisha majibu huwekwa hadharani na kujadiliwa. Anayekosea hukosea mbele ya wenzake, kabla hajakosea kwa mgonjwa. Kwa njia hiyo daktari wa Chicago na wa London hufikia kuliita jambo moja kwa jina moja, na bila hilo hakuna takwimu ya nchi hii inayoweza kulinganishwa na ya nchi ile.

Kutoka Marekani mfumo ulisambaa. Chama cha kimataifa cha wanapatholojia wa kinywa kiliundwa katika miaka ya 1970. Waingereza waliunda chama cha tiba ya kinywa mwaka 1981. Mwaka 1988 ilifanyika Chicago warsha ya kwanza ya dunia ya tiba ya kinywa, ya kukusanya ushahidi na kuupima. Ulaya ikapata chama chake mwaka 1998. Ukiifuata miaka hiyo kwenye ramani unaona vyama vikiota palipo na vyuo, maabara na watu wenye uwezo wa kulipa ada. Asiyekuwapo na lake halipo: magonjwa yaliyozungumzwa sana yalikuwa ya waliokaa ukumbini.

Taya za watoto wa Mulago

Hata hivyo, moja ya sura kubwa za maarifa ya magonjwa ya taya katika karne ya 20 iliandikwa siku chache za safari kutoka Songambele, na aliyeianza hakuwa mtu wa kinywa. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt aliona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Akapekua majalada, akakuta wengi. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu saratani hiyo ya taya za watoto wa Afrika katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, walionyesha kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga.

Burkitt hakuwa na chama cha kumsaidia, basi alijitengenezea mtandao. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wameona watoto wa namna hiyo. Oktoba 1961 alitoka Kampala kwa gari la mitumba pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, wakazunguka karibu wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Ramani waliyoipata ilionyesha kwamba ugonjwa huo hupungua sana palipo na mwinuko na baridi, karibu na ikweta kuanzia mita 1,500 hivi. Nyanda za Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, zilikuwa nje ya ukanda huo, na sehemu kubwa ya vilima vya Karagwe na Kyerwa ipo kwenye mwinuko unaokaribia au kupita mpaka huo. Hivyo ndivyo malaria ilivyoanza kushukiwa kuwa mshirika wa saratani.

Machi 1961 Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, akaomba apelekewe sampuli kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege yenye sampuli itue Manchester. Kipande kilipofika London kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Epstein aliyatazama kabla ya kuyamwaga, akakuta ni seli hai zinazoelea. Kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kinachoitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Maarifa makubwa ya kinywa yanaweza kuanzia pasipo na bingwa wa kinywa, alimradi wapo watu wanaoandika wanachokiona na kuulizana. Lakini pia sampuli ya Kampala ilikwenda kusomwa mbali, na sifa ikabaki huko iliposomwa. Afrika Mashariki ilichangia tena: kati ya 1977 na 1982, North Mara, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza limfoma ya Burkitt. Wagonjwa walipungua, ila kushuka huko kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo jibu halikuwa la kukata shauri.

Majina ya Copenhagen, vidonda vya Kagera

Kazi ya kutoa majina ilipata makao yake Copenhagen. Mdenmarki Jens Pindborg, mmoja wa watu wazito zaidi katika historia ya fani hii, aliongoza kituo cha Shirika la Afya Duniani, WHO, kuhusu dalili zinazotangulia saratani ya kinywa, kilichoanzishwa mwaka 1967. Yeye na wenzake wa India waliwapima midomo zaidi ya wanavijiji 50,000 nchini humo, wakionyesha jinsi namna ya kuvuta na kutafuna tumbaku inavyoamua mahali saratani itakapoota. Mwaka 1971 WHO ilitoa uainishaji wa kwanza wa uvimbe unaotokana na tishu za meno, yeye akiwa mmoja wa waandishi.

Umuhimu wa majina ya pamoja ulionekana Kagera kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 kwa watu wazima ulikuta asilimia 24.2 wenye virusi mjini Bukoba, na asilimia 4.5 katika Karagwe ya wakati ule, ambayo ilikuwa bado haijagawanywa kuzaa Kyerwa. Vipimo vya damu vilikuwa adimu, mdomo ulikuwa wazi. Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu, fizi zinazooza ghafla, madoa ya zambarau kwenye kaakaa: mhudumu mwenye tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi aliweza kuyaona.

Kuona peke yake hakukutosha. Ilibidi wote wakubaliane wanachokiona. Mwaka 1984 ilielezwa San Francisco alama mpya, michirizi myeupe yenye nywelenywele pembeni mwa ulimi, na ikabainika kwamba inasababishwa na kirusi kilekile cha sampuli za Kampala. Mwaka 1990 WHO ilipanga hatua za ugonjwa kwa dalili za mwili, na utando mweupe pamoja na michirizi hiyo vikawekwa hatua ya tatu. Mwaka 1993 wataalamu wa kinywa wa Ulaya na WHO walichapisha orodha ya magonjwa ya kinywa yanayoambatana na virusi hivyo. Hapa vyama na mitandao yake vilifanya kazi iliyofika hadi zahanati, kwa kuwa mganga wa kijijini na profesa wa London walitumia kipimo kimoja.

Baraza moja

Vyuo vya meno vya kanda vilichelewa kuliko hospitali. Nairobi ilianza mwaka 1974, Muhimbili mwaka 1979. Kutoka hapo wakatokea wanaosoma sampuli nyumbani. Mwaka 2004 Edda Vuhahula alichapisha uchambuzi wa uvimbe wa tezi za mate nchini Uganda. Mwaka uliofuata Elison Simon na wenzake, Vuhahula akiwemo, walitoa utafiti wa miaka minne wa uvimbe wa tishu za meno nchini Tanzania, wenye wagonjwa zaidi ya 100. Takriban wanne katika kila watano walikuwa na ameloblastoma, uvimbe usioua haraka ila unaoila taya kimyakimya hadi uso ukapinda. Mgonjwa akiletwa mapema hukatwa sehemu ndogo. Akichelewa hupoteza nusu ya taya.

Wataalamu wa namna hiyo ni wachache mno kuunda chama kinachosimama peke yake. Ila tuna kitu ambacho wengine hawana. Uingereza iliwapa madaktari wa meno baraza lao tangu mwaka 1956, mbali na lile la matabibu. Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina baraza moja linalosajili wote wawili. Tanzania ililithibitisha hilo tena kwa sheria ya mwaka 2017. Ukuta ambao vyama vya Marekani na Ulaya vilipambana nao kwa miongo, sisi kisheria hatuna. Tunao katika mazoea: katika fomu ya rufaa, katika mpangilio wa majengo, katika mtihani wa mwanafunzi wa udaktari asiyeulizwa swali la kinywa. Kuunda chama kipya kilichojitenga kungeweza kujenga ukuta pale ambapo sheria imeacha wazi.

Chupa ya fomalini

Tazama kinachohitajika ili kidonda cha Songambele kipate jina. Mhudumu anakata kipande kidogo ukingoni, penye mpaka kati ya nyama mbovu na nzima. Akikata katikati, palipooza, msomaji ataona uozo tu. Anakitumbukiza kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kipande, katika chupa yenye mdomo mpana, kwa sababu nyama hukakamaa ndani ya fomalini na chupa yenye mdomo mwembamba huifanya itoke imepondeka. Anaandika umri, mahali pa kidonda, muda wake, kama mgonjwa anatumia tumbaku, na hali yake ya virusi vya UKIMWI. Maabara inakiingiza kwenye nta, inakikata utando wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita, inakipaka rangi, na mtu anakaa kwenye darubini.

Hakuna hatua hapo inayoshinda uwezo wa hospitali ya wilaya, isipokuwa zile za maabara na darubini. Kinachosafiri basi kingepaswa kuwa chupa, na mgonjwa abaki nyumbani hadi jibu lije. Leo mara nyingi ni kinyume: mgonjwa anasafirishwa ili akatwe kipande. Chama kinachostahili jina lake kingeanza na jambo hilo: fomu moja kwa kanda nzima, mafunzo ya kukata sampuli kwa matabibu wa meno wa wilaya, na zamu ya wasomaji wa Dar es Salaam, Mwanza, Kampala na Nairobi wanaotumiana picha za slaidi kwa simu pale kisa kinapokuwa kigumu. Kanuni ya kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu, kwamba kichunguzwe bila kuongezewa dawa nyingine ya kusukutua, ingebandikwa ukutani kwa Kiswahili.

Wenye shaka wana hoja nzito. Vyama hukusanya ada, hupanga mikutano hotelini, hulinda soko la wanachama, na mara nyingine hugeuka mlinzi wa mlango badala ya mfungua mlango. Hayo ni kweli Marekani na yatakuwa kweli Kampala. Lakini kanda ina mfano wa karibu. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kimekuwa kikifundisha na kutahini wapasuaji katika hospitali walizomo, bila kila nchi kujenga bodi yake. Wanapatholojia wa kanda nao wana chuo chao cha namna hiyo. Kitengo cha kinywa ndani ya chuo hicho, chenye wajumbe pia katika vyama vya madaktari wa meno vya kila nchi, kingepata mitihani na wasomaji bila gharama ya kuanza upya.

Sauti ya pamoja nayo ina uzito wake. Desemba 2023 WHO iliingiza noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto mwenye utapiamlo, katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, baada ya kampeni iliyoongozwa na Nigeria. Afrika Mashariki ina ajenda zake za namna hiyo: watoto wachanga wanaokatwa fizi kwa madai ya meno ya plastiki, desturi ambayo magharibi mwa Uganda inaitwa ebiino, na taya zinazofika hospitali zikiwa zimechelewa. Hakuna wizara itakayoyabeba hayo kwa takwimu ikiwa hakuna aliyekubaliana na mwenzake namna ya kuyaandika.

Kwa hiyo kipimo cha chama chochote cha wataalamu wa kinywa katika kanda hii kiwe siku: zinapita ngapi tangu kipande kikatwe wilayani hadi jibu lenye sahihi lirudi wilayani hapohapo. Idadi hiyo ichapishwe kila mwaka, hospitali kwa hospitali, pamoja na hesabu ya ada. Wanachama wakiona inapungua, watajua chama chao kinafanya kazi, na wananchi wa Kyerwa watakuwa na sababu ya kukijua kwa jina.